Kurasa Kumi na Sita za Mwisho

Jumatatu, 2 Septemba

Muhula umefunguliwa, na mkebe nao umefunguliwa.

Atakayeliokota daftari hili siku nikishafukiwa na karatasi zangu ajue mambo machache. Nina duka la kopi lenye mashine moja yenye hasira, meza moja, na benchi ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Kabla ya hapo nilikuwa msomaji wa prufu gazetini, kazi ya kuwinda makosa ya wenzangu na kulipwa kwa hilo, mpaka gazeti lenyewe likafa. Ualimu sikuusomea. Ila miaka tisa iliyopita mwanafunzi mmoja aliyekuja kutoa kopi aliniuliza swali la Kiingereza, nikamjibu. Kesho yake wakaja wanne. Ndipo nikauweka mkebe wa biskuti kwenye kaunta.

Taratibu zake ni hizi. Kila mtu swali moja kwa siku, kwenye kikaratasi, liwe la sarufi au la fasihi. Mkebe hufunguliwa saa sita mchana, wala si dakika moja kabla. Najibu nyuma ya kikaratasi kwa kalamu ya kijani (nyekundu ilinitesa vya kutosha shuleni), kisha natundika kila jibu kwenye kamba kwa vibanio vya nguo ili wote wasome. Mke wangu anasema duka linafanana na ua wa mtu anayefua karatasi.

Leo maswali yalikuwa kumi na moja. Tisa ni ya nyakati za vitenzi. La kumi: "Kwa nini katika Kiingereza 'yeye' anaongezewa herufi s kwenye kitenzi, na mimi na wewe tunanyimwa?" Nikajibu kwamba aliyegawa hakutuita kwenye kikao. La kumi na moja: "Mwalimu, umeoa?" Nikaandika: "Hilo si la sarufi. Ndiyo."

Mke wangu alilisoma pale kwenye kamba. "Jibu ndilo hilo tu? Hata kivumishi kimoja hukuniwekea?"

Jumatano, 4 Septemba

Bi Kwanini amerudi.

Ni fundi cherehani wa hospitali. Anashona mashuka, anarefusha mapazia, anatia viraka kwenye magauni ya wagonjwa. Jina hilo nimempa mimi, naye analijua. Anataka kusomea uuguzi. Metroni amemwahidi nafasi chuoni kwa sharti moja tu, afaulu mtihani wa Kiingereza. Ameufanya mara mbili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara ya kwanza alikosa alama nne, mara ya pili tatu.

"Sasa ni ya mwisho, mwalimu," aliniambia akiwa amesimama, maana hakai mpaka akaribishwe. "Chuo hakipokei mtu aliyevuka thelathini na tano. Mimi Machi navuka."

"Dada, safari hii unafaulu. Nakuhakikishia."

"Na zile mara mbili ulinihakikishia."

Kweli nilimhakikishia. Naona ni ugonjwa wangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Joto. Mashine imekula karatasi saba.

Jumanne, 17 Septemba

Swali la Bi Kwanini huja kwenye ile karatasi nyembamba ya kukatia mitindo, kwa hiyo nalitambua kabla sijalifunua. Leo halikuwa swali, lilikuwa ombi. Anataka kukisoma kitabu chenyewe, ile riwaya ya mlinzi wa daraja iliyo kwenye mtihani.

Nilishangaa kidogo. Hakuna anayeisoma. Nakala ni chache, na zilizopo shuleni zinagombaniwa, ndiyo maana watu wanatumia Maelezo yangu. Maelezo ni kurasa kumi na mbili nilizoziandika mwenyewe mwaka wa kwanza wa mkebe: muhtasari wa kila sura, wahusika, dhamira, na hoja kumi za kukariri. Nimeyatoa kopi hadi mashine inayajua kwa moyo. Yamefika shule ambazo mimi mwenyewe sijafika. Sitajifanya kwamba hilo halinifurahishi.

Nikamwambia Maelezo yanatosha. Akasema, "Yalitosha mara mbili, mwalimu."

Nikampa kitabu. Ni nakala yangu niliyoinunua kwenye rundo la mitumba. Jalada la nyuma nimelibana kwa selotepu.

Ijumaa, 20 Septemba

Mawingu, lakini hayana nia.

Alhamisi, 26 Septemba

Bi Kwanini: "Kwa nini kitabu hakina mwisho?"

Jibu langu: "Mwisho upo, na uko wazi. Maji yanapanda, binti wa mlinzi yuko ng'ambo, mlinzi anainua taa yake, basi. Mwandishi anatuachia sisi tuamue. Hiyo ndiyo sanaa. Soma hoja ya sita: mlinzi ni mwoga, mtu asiyeamua."

Nililitundika katikati ya kamba ili linufaishe wengi.

Ijumaa, 27 Septemba

Bi Kwanini: "Kwa nini mwandishi aliyetumia ukurasa mzima kueleza vifungo vya koti la mlinzi hakupata hata mstari mmoja wa kusema kama mlinzi alikufa?"

Swali zuri, nakiri. Nikajibu kwamba vifungo ni ishara. Nikishikwa pabaya huwa nasema ni ishara.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, nikamwambia mama yule ni mbishi, anapoteza muda wake kwa jambo dogo. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. "Na hilo la vifungo ulimjibu kweli?"

"Nilimjibu."

"Sikuuliza kama uliandika."

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja hatua moja kutoka kwenye mashine. Nimeweka ndoo, na sasa mashine na ndoo wanajibizana mchana kutwa.

Leo naandika mengi. Nikinyamaza nitayasahau kwa makusudi.

Bi Kwanini alikuja kabla ya saa sita, na mkebe hakuugusa. Aliweka kitabu juu ya kaunta, akaniomba ruhusa ya kubandua selotepu. Nikamwambia abandue tu. Aliibandua polepole kama mtu anayefungua kidonda cha mgonjwa, akalikunjua jalada, kisha akakigeuza kitabu mgongo juu.

"Angalia hapa, mwalimu. Kitabu hiki kimeshonwa."

"Vitabu vingi vimeshonwa, dada."

"Vimeshonwa kwa mafungu. Kila fungu ni karatasi nane, na uzi unapita katikati yake. Nimehesabu. Fungu la kwanza lina karatasi nane. La pili nane. Yote nane nane hadi hapa." Akaweka kucha kwenye ukingo wa mgongo. "Sasa tazama uzi. Fungu la mwisho likishashonwa, fundi hufunga fundo. Hapa hakuna fundo. Uzi unaendelea, unatoka nje, umekatika. Umeshika hewa."

Niliinama nikatazama. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Nyuzi mbili zilizokatika zilikuwa zimesimama pale, na chini yake kipande cha karatasi chembamba kama ukucha, chenye alama ya gundi.

"Karatasi nane," alisema. "Kurasa kumi na sita. Zimeng'oka kabla hujakinunua. Hiki kitabu hakijaisha, mwalimu."

Kuna jambo nataka niliweke wazi, si kwa kujitetea, ila ni la kuchekesha. Ukurasa wa mwisho wa nakala yangu unaishia chini kabisa, kwa sentensi kamili: mlinzi akainua taa. Kisha nukta. Miaka kumi na miwili gazetini nilifundishwa kuitafuta nukta. Nikiiona mahali pake moyo unatulia na jicho linahamia kazi nyingine. Nukta ilikuwepo. Nikalala, nikalala miaka tisa, na nikawalaza watu wengi pamoja nami.

Nilikaa kwenye benchi, upande wa tofali. Nikamuuliza, "Mara zile mbili, swali la fasihi lilikuwa lipi?"

"Mara ya kwanza lilihusu mabadiliko ya mlinzi. Niliandika habadiliki, ni mwoga. Mara ya pili waliuliza kama tunauridhia mwisho. Niliandika uko wazi."

"Kama nilivyokufundisha."

"Neno kwa neno, mwalimu. Nilikariri."

Alama nne. Alama tatu. Nilingoja anitukane; angefanya hivyo ningemshika mkono nimshukuru. Badala yake alikunja selotepu kati ya vidole vyake akatengeneza kidonge kidogo, akakitupa kwenye ndoo. "Mtihani ni tarehe sita Novemba. Tuna wiki tano. Nani ana kitabu kizima?"

Namjua mwenye kitabu kizima. Ningependa awe mtu mwingine yeyote.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ni mwalimu mkuu. Tangu nimuoe mdogo wake ananitazama kama insha iliyoletwa kwa kuchelewa. Nilimkuta ofisini kwake, kabati la vitabu nyuma yake limefungwa kwa kufuli. Nikaeleza. Sikupunguza kitu, maana ukimpunguzia hesabu anaiongeza mwenyewe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Miaka tisa, shemeji?"

"Tisa."

"Miaka tisa nasahihisha insha za majaribio, na watoto wangu wote wanaandika kwamba mwandishi ameuacha mwisho wazi. Nimewagombeza. Nimewaita wazazi. Nimesimama mbele ya kikao cha walimu nikasema watoto wa siku hizi hawamalizi kitabu." Akazivaa tena miwani ili anione vizuri. "Kumbe asiyemaliza ni wewe."

Safari hii sikuthubutu kusema ni ishara.

Akafungua kabati, akatoa nakala, lakini hakuiachia. Tulikuwa tumekishika kitabu wote wawili, yeye upande wake na mimi upande wangu. "Nakuazima kwa sharti. Ijumaa asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, unakuja kuwaambia mwenyewe."

"Shemeji, wako wangapi?"

"Mia sita na kitu. Usije na shati hilo."

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimesoma kurasa zile kumi na sita nikiwa nimesimama kaunta, wateja wakisubiri.

Mlinzi hainui taa kwa kusitasita. Anawaashiria walio ng'ambo wasivuke, kwa sababu ameona nguzo imelegea, ingawa amri ya wakubwa ni kwamba daraja liko salama. Anakataa amri. Kisha anavuka mwenyewe, peke yake, kumfuata binti yake waliyegombana naye, na daraja linakwenda na maji nyuma ya visigino vyake. Sura ya mwisho anauza vitunguu kwenye duka la binti yake, halindi kitu chochote, na anaimba. Anaimba! Kwa miaka tisa nimemwita mwoga mbele ya watoto wa watu.

Bi Kwanini naye alizisoma, pale kwenye benchi. Alipomaliza alipangusa macho kwa upindo wa kitenge na kusema, "Vile vifungo. Anavikata anampa binti yake avishone kwenye nguo yake. Nilijua vina kazi."

Aliniomba nakala mbili za kurasa zile. Nikamuuliza mbili za nini. "Moja ya kusoma. Nyingine ya kazi." Sikuuliza zaidi, maana siku hizi naogopa maswali yake hata nikiwa mimi ndiye muulizaji.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nilivaa shati la harusi ya mdogo wangu. Mke wangu alinifunga kifungo cha juu. "Sema ukweli halafu shuka. Usitie utani."

Nilitia utani mmoja. Haukuchekesha.

Niliwaambia hivi: yale Maelezo niliyaandika mimi, kutoka kitabu kilichopungukiwa kurasa kumi na sita, na sikujua. Hoja ya sita ni kosa. Ya tisa ni kosa. Ya kumi imejengwa juu ya hizo mbili, kwa hiyo nayo imebomoka. Kuna waliokuwa wanafunzi hapa waliopoteza alama kwa sababu yangu, na siwezi kuwarudishia. Ila ninyi mna mwezi mmoja. Kila mwenye Maelezo ya zamani ayalete dukani, nitampa mapya yenye mwisho wake.

Kisha msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Lakini mwalimu, tumeshakariri!"

Wakacheka wote mia sita na kitu, na mimi nikacheka, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamwona shemeji yangu akigeuka kuficha mdomo.

"Basi msikariri tena," nikasema. "Someni. Na mkiona kitu hakiingii akilini, msikubali mtu awaambie ni ishara. Hata akiwa mimi."

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimebandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: NILIKOSEA. Chini yake kwa herufi ndogo, maelezo. Nilidhani watu wataacha kuja. Wamekuja hata wasiosoma, kuangalia mtu aliyeandika hivyo kwa hiari yake. Mzee mmoja fundi wa saa aliniomba nakala akaibandike nyumbani, chumbani kwa kaka yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Maelezo ya zamani yaliyorudi yanafika magotini. Mvua haikomi, karatasi zinakunywa unyevu, na mashine inazitafuna. Mke wangu anakuja mchana kuzianika kwenye kamba kabla sijazitumia.

"Sasa kweli unafua karatasi," amesema.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimebadili namna ya kumfundisha Bi Kwanini. Zamani nilimpa hoja akazikariri. Sasa namwambia abishane nami kwa Kiingereza, na haruhusiwi kukubaliana nami kabla ya sentensi ya tano. Ana kipaji hicho tayari, kilihitaji kibali tu. Leo ameniambia kwamba mlinzi alikuwa na makosa pia, alimkalia binti yake kimya miaka mitatu, na kuvuka daraja mara moja hakufuti miaka mitatu. Nyakati zote za vitenzi zilikuwa mahali pake. Nilitafuta kosa la kusahihisha kwa heshima ya kazi yangu, sikuliona.

Nilimchukulia kama mwanafunzi mzito. Mzito nilikuwa mimi, yeye alikuwa anasubiri.

Jumatano, 6 Novemba

Mtihani. Mvua tangu alfajiri. Alipita dukani saa moja asubuhi, kalamu tatu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Usinihakikishie," alisema.

Nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi nzito kuliko ile ya mstarini.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemuuliza swali lilikuwa lipi. "Hawakuuliza mwisho," amesema. "Waliuliza binti anamwonaje baba yake." Nikashika kichwa: kelele yote ile, halafu hawakuuliza! Akacheka. "Mwalimu, binti anamwona vizuri kwa mara ya kwanza kwenye kurasa zile kumi na sita. Ningemjuaje bila hizo? Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi."

Jumamosi, 18 Januari

Niliweka daftari hili kando tangu Novemba. Leo lazima.

Matokeo yametoka. Bi Kwanini aliingia saa tatu asubuhi, uso hauna habari yoyote. Akasalimia, akatumbukiza kikaratasi cha kukatia mitindo ndani ya mkebe, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akatoa shuka la hospitali na sindano, akaanza kushona upindo.

"Dada. Sema."

"Mkebe unafunguliwa saa sita."

"Taratibu nimeziweka mimi!"

"Ndiyo. Nzuri sana."

Mke wangu, aliyekuwa amekuja kuleta chai, alivuta kiti akakaa karibu naye. Wakaanza kuongea bei ya uzi. Kuanzia saa tatu hadi saa sita nilitoa kopi za watu kichwa chini miguu juu. Mteja mmoja aliondoka na kitambulisho cha mwenzake. Dakika tano kabla ya saa sita nilinyoosha mkono kwenye mkebe, wanawake wawili wakakohoa kwa pamoja.

Saa sita nilifungua. Kikaratasi chake kiliandikwa: "Kwa nini mwalimu anatoka jasho, na aliyefaulu ni mimi?"

Sitaandika nilichofanya. Ndoo ilipigwa teke, basi. Amevuka kiwango kwa alama kumi na moja, na chuo kinafungua mwezi wa pili, kabla ya Machi yake.

Alipotulia alitoa kwenye mkoba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Ni kitabu changu. Ile nakala ya pili, ya kazi, ameikata, amezikunja karatasi zake nane zikawa fungu, ameishona mahali pake kwa uzi mweupe wa mashuka ya hospitali, na mwishoni kabisa amefunga fundo. Selotepu hakuna. Jalada limekaa.

"Vuta," alisema. Nikavuta. Fungu halikutoka.

Nimefunga duka mapema nije nyumbani nikisome kitabu tangu mwanzo. Mke wangu ameniita mezani mara mbili, na mara ya tatu amekuja mwenyewe mpaka mlangoni, mwiko mkononi.

"Si umeshazisoma hizo kurasa?"

Nimezisoma mara tano, na mwisho naujua. Nimemwambia mke wangu mpenzi, mvumilivu, mwenye macho makali (vivumishi vitatu, deni la Septemba nimelilipa) aanze kula, nami nitamfuata. Zimebaki kurasa kumi na sita.